Nani wa Ati?

Majengo, Nyeri
6 Mei 2024

Zubair wangu, mume wangu (neno hili naliandika polepole, bado lina utamu wa siku ya kwanza),

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya. Ningekuwa mwongo. Nusu yangu iko Kandy inajifunza kutengeneza mashine za kukaushia majani chai, na nusu iliyobaki imevaa sweta lako la kiwandani, lile lililotoboka kiwiko, na haitaki kulivua hata Nyanya akilalamika kwamba linanuka grisi. Siku kumi na tisa za ndoa, halafu miezi minne ya mafunzo! Leo asubuhi Mlima Kenya umejitokeza mweupe pe juu, nikauonea huruma kwa kuwa hukuwepo kuuona.

Wanawake wa hapa bado wananicheka kwa mahari niliyotaja. "Wenzako hutaja kabati, wewe umetaja barua!" Wacheke tu. Simu ni ya kuulizana kama umekula. Mimi nataka mwandiko wako.

Sasa kuna jambo kubwa. Nimekaa na nyanya yako wiki mbili tu, na jana tukichambua mchele akaniambia habari ambayo nadhani hata wewe hujaambiwa yote. Baba yake, Shakir Jumaa, alichukuliwa askari mwaka wa 1943, Nyanya akiwa bado tumboni. Kikosi chake kilipelekwa Ceylon, yaani huko huko uliko, mpenzi! Hakurudi. Wala haikuja karatasi ya kusema amekufa. Mama yake, Ummi, alingoja mpaka akazeeka. Hakuolewa tena, wala hakukaa eda, maana eda ya mume usiyejua kama amekufa utaianza siku gani? Na Majengo haikosi midomo. Nyanya amekua akiimbiwa kwamba baba yake alipata mwanamke wa kisiwani akasahau njia ya nyumbani.

"Nikiwaombea wafu wangu namtaja Mama peke yake," akaniambia. "Baba sijui nimweke wapi. Niko na miaka themanini, Rehana. Sitaki kitu kingine. Nataka kujua kama nilikuwa na baba aliyekufa ama baba aliyenitupa."

Nikasema tukupigie simu papo hapo. Akakataa. "Mama aliambiwa mambo mengi kwa mdomo. Mimi nataka karatasi."

Basi nikaenda kwenye makaburi ya askari hapa mjini, pale walipolala wageni waliokufa wakati wa vita vile. Nyasi zimekatwa kama zulia. Ukutani kuna kisanduku, na ndani yake kitabu cha majina. Mtunzaji akaniambia makaburi ya askari ya nchi nyingine nayo huwa na kitabu cha namna hiyo, na kwamba hata huko Kandy yapo. Nilitoka pale nikikimbia kama mtoto aliyetumwa sukari.

Mtafute, mpenzi. Shakir Jumaa wa Nyeri.

Mkeo (mkeo! mkeo!),
Rehana


Kandy
20 Mei 2024

Rehana, mke wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Nimeiweka chini ya mto, na wenzangu wawili wa chumbani wananitania kwamba nimeoa bahasha.

Huku ni vilima juu ya vilima, chai mpaka kwenye mawingu. Asubuhi nikitoka na ukungu umetanda, najikuta natafuta barabara ya Othaya.

Nimesoma habari ya babu mzee mara tatu. Kwetu nyumbani jina lake likitajwa, Baba alikuwa akinyanyuka na kutoka nje, kwa hiyo sikuwahi kuuliza. Nitakwenda Jumapili ijayo, ndiyo siku yetu ya mapumziko. Lakini acha nikuulize wewe kwanza, usimsomee Nyanya mstari huu: je, tukikuta hakufa? Tukikuta alioa huku, akazeeka, akazikwa na wajukuu wengine? Una hakika Nyanya ataweza kuubeba ukweli huo?

Sweta livue. Livae tena jioni.

Wako,
Zubair


Majengo, Nyeri
3 Juni 2024

Mpenzi Zubair,

Una nyanya mjanja! Macho yake hayasomi tena, lakini masikio yanahesabu. Nilipomsomea barua yako nikaruka pale pa mstari wako wa siri. Akaninyoosha kidole.

"Bibi arusi, karatasi ni mbili na wewe umesoma kama mtu anameza dawa. Umeruka nini?"

"Ni mambo ya mapenzi, Nyanya."

"Ya mapenzi uso hucheka. Wako umekunjamana kama kitambaa cha jiko. Soma."

Nikasoma. Ningefanya nini? Alimaliza chai yake, akasema nikuandikie maneno haya hasa: "Mwambie nimebeba kutojua miaka themanini. Ukweli hauwezi kuwa mzito kuliko huo."

Tangu siku hiyo amechangamka. Ameninyang'anya hata kazi ya kuchoma mahindi. Jirani yetu Phyllis, yule wa mitumba ambaye husoma masomo kanisani kwao, amekuja kuuliza kama kuna harusi nyingine. Mimi nami nashona sare za shule huku nikiimba, mpaka juzi nikashona mifuko mitatu kwenye kaptura moja. Ni wewe umeniharibu akili.

Nakungoja wewe, na jina.

Rehana wako


Kandy
17 Juni 2024

Rehana wangu,

Barua hii usimsomee Nyanya. Safari hii nakuomba kweli.

Nimekwenda. Ni mahali pazuri, kando ya kilima, na makaburi yamepangwa kama vitanda vya bweni. Mtunzaji ni Mzee Piyadasa, na Kiingereza chetu sote wawili kinachechemea, lakini alinifungulia kitabu, tukapitia jina kwa jina, yeye kidole juu, mimi kidole chini. Shakir hayupo. Tulitafuta penye S, tukatafuta penye J, tukatafuta hata Chakir. Hayupo.

Watu wa kwetu wamo. Nimenakili walioandikiwa Nyeri, labda kuna jamaa zao wanaowatafuta: Mwai mwana wa Ngatia. Kinuthia mwana wa Mwai. Ngatia mwana wa Kinuthia. Kuna na mmoja, Ati mwana wa Jumaa. Nilipoona Jumaa moyo uliruka, lakini sisi hatuna mtu anayeitwa Ati. Sijui hata ni jina la kabila gani.

Kwa hiyo sijui nikuambie nini. Huenda walichosema watu wa Majengo ndicho. Mtafutie Nyanya maneno laini, wewe unayajua kuliko mimi.

Nimechoka na nimekukumbuka. Nikifumba macho naona ile siku ulipoinama kwenye cherehani na shungi likateleza, nikaona shingo yako, na ile alama nyeusi ndogo chini ya sikio, ambayo mimi peke yangu duniani nina ruhusa ya kuibusu. Nihifadhie.

Zubair


Majengo, Nyeri
1 Julai 2024

Zubair! Zubair! Zubair!

Kaa chini. Kama umesimama karibu na mashine, izime kwanza.

Naanza na dhambi yangu. Barua yako ilipofika nilisoma peke yangu jikoni, nikalia, halafu nikaosha uso nikaenda kumdanganya Nyanya. Nilimwambia kitabu kimechanika, kimepelekwa kushonwa, tusubiri mwezi mmoja. Akasema, "Sawa, mwanangu." Nikaona nimefaulu. Ole wangu! Alhamisi nikaenda Kutus kupeleka sare, na nilipotoka tu, Nyanya akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa unga ambamo nilikuwa nimeficha barua, akamwita Phyllis.

Phyllis, mpenzi. Mwenye sauti ya kanisani. Na mlango uko wazi.

Alisoma yote. Yote! Mpaka shingo, mpaka alama chini ya sikio. Sasa nikienda dukani kununua sabuni, muuza duka anainamisha kichwa kuangalia sikio langu. Nimeamua kutembea na shungi mbili.

Lakini sikiliza. Nilipofika nyumbani niliwakuta wameketi kwenye mkeka, Nyanya kilemba kimeanguka, machozi yanamtoka, Phyllis anampepea na barua yako. Nikadhani nimemuua. Kumbe alikuwa anacheka! Yalivyotokea nimesimuliwa na wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake.

Phyllis alipofika pale pa "Shakir hayupo," Nyanya alisema tu, "Basi ni kweli walichosema," akafunika uso. Phyllis akaona aibu kunyamaza, akaendelea na majina.

"Ati mwana wa Jumaa," akasoma.

"Ati?" Nyanya akauliza.

"Ati."

"Nauliza, ati?"

"Si nimekwambia, Mama! Ati!"

"Phyllis, usinichezee, niko na huzuni. Imeandikwa nini?"

"Niko na miwani mpya, siwezi kukosea. Imeandikwa A, T, I. Ati!"

Nyanya akafunua uso. Halafu, Phyllis anasema, akaanza kutikisika kuanzia mabegani.

Mpenzi, baba yake alikuwa hasikii vizuri! Aliugua masikio utotoni. Ummi alikuwa akisema, "Bwana yangu ukimwita, huja mara ya pili," kwa sababu kila akiulizwa kitu, jibu la kwanza lilikuwa moja: "Ati?" Sasa mfikirie amesimama kwenye foleni ya kuandikishwa, karani nyuma ya meza anauliza, "Jina?" Naye anajibu, "Ati?" Karani anaandika. "Mwana wa nani?" Hapo sasa amesikia. "Jumaa."

Si hayo tu. Nyanya alipotulia akatusimulia mchezo wao wa utotoni. Mtoto mmoja anakuwa tarishi, anashika karatasi na kupaza sauti: "Nani wa Ati?" Wenzake wote wanajibu, "Ati?" Atakayecheka anatoka. Mchezo huo ulianza siku tarishi wa kweli alipokuja sokoni na karatasi ya serikali, akaita, "Nani wa Ati? Watu wa Ati wako wapi?" na soko zima likamjibu, "Ati?" mpaka akakasirika akaondoka.

"Mama alikuwepo," Nyanya akasema. "Na yeye alicheka, mimi nikiwa mgongoni. Na nilipokua, tarishi nilikuwa mimi kila mara. Nilikuwa na sauti."

Hakuna aliyecheka hapo, hata Phyllis.

Kisha akaniagiza msahafu wake. Katika jalada la nyuma akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kama kitambaa. Barua ya baba yake! Alikuwa nayo miaka yote, hakumwonyesha mtu. Iliandikwa na rafiki yake, maana yeye hakujua kuandika. Inasema hivi, nimeinakili bila kugusa kitu:

"20 Februari 1944. Kwa Ummi. Salamu nyingi. Mimi mzima. Nchi hii ni nzuri sana, kuna milima kama kwetu na majani mabichi, mimi ningekaa huku. Umejifungua? Nijulishe ni nani. Mimi mume wako Shakir."

"Unaona kwa nini niliificha?" akaniuliza. "Ningekaa huku. Maneno yake mwenyewe. Ningewapa watu karatasi hii waimbe vizuri zaidi?"

Juu ya barua kuna namba. Nyanya na mama yake walidhani ni ya posta, mimi nadhani ni namba yake ya uaskari. Nimeiandika nyuma ya bahasha hii, kubwa, mara mbili. Nenda ukaangalie, mpenzi, kama ni ya Ati. Namba haikuulizwa na karani, walimpa wao wenyewe!

Nyanya anasema atasubiri bila kutumaini. Lakini amenunua ubani.

Mkeo mwenye shungi mbili,
Rehana


Kandy
15 Julai 2024

Nyanya,

Karatasi hii ni yako. Rehana akusomee yote, hakuna cha kuruka.

Ni yeye.

Nilifika makaburini kabla ya Mzee Piyadasa hajafungua lango. Tulitoa kitabu, nikaweka bahasha kando yake, tukasoma namba kwa vidole viwili, tarakimu moja moja. Ni ile ile. Tukarudia. Ni ile ile. Mzee Piyadasa akaniuliza Ati maana yake nini. Nilipomweleza, alishika tumbo akacheka, halafu akavua kofia, akanipeleka kwenye jiwe. Ni safu ya tatu kutoka ukutani. Upande wa kulia amelala Mwai.

Alifariki tarehe 9 Machi 1944. Hesabu mwenyewe, Nyanya. Siku kumi na nane baada ya ile barua. Kitabu hakisemi alikufaje. Mzee Piyadasa anasema wengi wa hapa walikufa kwa homa na kwa ajali za mazoezi, kabla ya kupelekwa mbele kupigana. Hakuwa na muda wa kuoa mtu. Hakuwa na muda hata wa kupata jibu, maana barua yake ilikuwa bado njiani kuja Nyeri.

Nimemsomea Fatiha. Nilikusudia nisilie, kwa sababu kulikuwa na watalii. Nililia tu, na mtalii mmoja akanipa maji.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya ule ukurasa wa kitabu, na Mzee Piyadasa ameitia sahihi yake chini. Kuna na picha: jiwe, na nyuma yake kilima. Rehana akueleze kilivyo.

Jambo moja. Anasema jamaa wanaweza kuomba jina lirekebishwe. Wakikubali, litawekwa jiwe jipya lenye Shakir Jumaa. Wewe ndiye wa kuamua. Mimi nitajaza fomu.

Mjukuu wako,
Zubair

(Rehana, karatasi yako ya pekee iko kwenye bahasha ya pili, nimeibandika gundi pande zote. Mwambie Phyllis asijisumbue.)


Majengo, Nyeri
29 Julai 2024

Mume wangu, nuru yangu, fundi wangu,

Bahasha ya pili nimeifungua kwa kisu cha jikoni na sitasema neno juu yake, ila nimeisoma mara kumi na moja na chai ikachemka mpaka ikaisha.

Nyanya nilimsomea yake ukumbini. Hakulia. Aliiomba nakala, akaishika, akapitisha kidole juu ya sahihi ya Mzee Piyadasa kana kwamba anaiona. Akasema, "Eda ni miezi minne na siku kumi. Mama yangu alikaa miaka arobaini na miwili." Halafu akaniambia nianze kuchambua mchele, kwa sababu anasoma hitma ya baba yake.

Ungekuwepo! Julai hii na baridi yake, manyunyu siku nzima, na watu wamejaa mpaka barabarani. Walitoka Murang'a, walitoka Nanyuki. Phyllis alipika chapati za watu sitini, akakataa kusaidiwa. Mzee Yonis, yule muuza mifugo, alishuka kutoka Nanyuki na mbuzi wawili. Kumbe alikulia hapa hapa. Alikuja mbele ya Nyanya, akavua kofia.

"Subira, mimi nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakikuimbia."

"Najua," Nyanya akamjibu. "Na ulikuwa ukiimba vibaya. Kaa, ule."

Na kwenye dua, Zubair, alimtaja. "Mama yangu Ummi, na baba yangu Shakir." Alisema kwa sauti ya tarishi, mpaka watoto wa nje wakanyamaza. Baadaye akanishika mkono akasema, "Leo nimekuwa yatima, Rehana. Ni raha sana." Nimecheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui pua yangu ilifanana na nini. Afadhali hukuwepo.

Kuhusu jiwe, anasema fomu usijaze. Nilimbishia kidogo, nikasema si haki babu alale chini ya jina lisilo lake. Akanitazama kama mtoto. "Shakir alipewa na babake. Hili la Ati limetoka kinywani mwake. Mimi sijawahi kumsikia baba yangu akisema kitu, hata mara moja. Sasa niko na neno lake moja, limechongwa kwenye jiwe. Walifute kwa nini?"

Basi liache.

Ameniita tena leo asubuhi nimwandikie barua, naye akatamka polepole, akinisimamisha kila mstari nimsomee. Hii hapa, ndani ya bahasha hii. Si yako wala si yangu. Jumapili uipeleke, uisome pale, kwa sauti kubwa. Anasema uisome mara mbili, maana ya kwanza atakuuliza.

Nakupenda mpaka kalamu inaona haya.

Rehana wako


Nyeri
29 Julai 2024

Kwa Baba,

Barua yako ya tarehe 20 Februari tuliipata. Utusamehe kwa kuchelewa kujibu.

Ni msichana. Mama alijifungua salama, mwezi wa kumi, nyumba ile ile. Akaniita Subira kwa sababu yako.

Mama alikungoja. Sasa yuko huko upande wako, nadhani amekusimulia mengi, mimi sitarudia. Niko na watoto watano na wajukuu wengi, na huyu anayekusomea ni mmoja wao. Anaitwa Zubair. Ameoa juzi, msichana anayeongea sana lakini mwandiko wake ni mzuri.

Mimi nilikukasirikia, Baba. Tangu nilipojua kusoma nilikukasirikia kwa ajili ya mstari mmoja tu. Nilidhani umepapenda huko kutupita sisi. Sikujua kwamba ulikuwa umebakisha siku kumi na nane.

Zubair ametuma picha. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini Rehana ameishika mbele yangu akanielezea kila kitu: kilima, chai, ukungu, nyasi zilizokatwa, na Mwai amelala kando yako, kwa hiyo hukosi mtu wa kuongea naye Kikuyu.

Ni kweli, nchi ni nzuri.

Kaa, Baba.

Binti yako,
Subira Shakir